Kuombea na kutegemeza kazi ya Injili Burundi: mwongozo kwa vikundi vya misioni vya Kigoma

Sharika nyingi za Kigoma zina siku ya kuombea mataifa. Burundi hutajwa pale kati ya Kongo na Sudani, dakika mbili zikaisha, tukaimba. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya usharika unaotaka kwenda mbele zaidi: kushika sehemu moja tu ya Burundi kwa miaka kadhaa, kuiombea kila wiki kwa habari za kweli, na kutuma fedha kidogo kila mwezi bila kukatika.

Neno la kushika hapo ni bila kukatika. Harambee ya milioni mbili hupendeza siku ile, watu wakapiga vigelegele na picha, lakini mwinjilisti wa Nyanza-Lac hulipa kodi ya nyumba kila mwezi na watoto wake hula kila siku. Laki moja inayofika kila tarehe tano inamsaidia kuliko milioni mbili zinazofika mara moja kisha kimya cha miezi kumi na nne.

Kwanza mwalikwe

Burundi si nchi isiyo na kanisa. Warundi walio wengi ni Wakristo, Wakatoliki wakiwa ndio wengi zaidi, na wapo Waanglikana, Wapentekoste, Wabaptisti, Wamethodisti na Marafiki (Quaker), wengine kwa takriban miaka mia moja sasa. Kwa hiyo hakuna kikundi cha Kigoma kinachokwenda "kufungua" Burundi. Mnakwenda kusaidia watu waliokwisha kuwa kazini, na wao ndio wenye kusema wanahitaji nini.

Njia ya adabu ni barua. Kikundi kinamwomba mchungaji, mchungaji anapeleka kwa dayosisi au jimbo, na ofisi hiyo inaandikia kanisa dada upande wa pili. Usianze na mwinjilisti uliyekutana naye kwenye semina akakupa namba ya simu, hata awe mtu mwema namna gani. Mwinjilisti anayepokea fedha kutoka nje bila wakubwa wake kujua ataingia kwenye mgogoro na kanisa lake, na mgogoro huo mtakuwa mmeununua ninyi. Katika barua ulizeni mambo manne: ni eneo gani wangependa tulishike, ni mtumishi gani yuko pale na analipwa nini na kanisa lake, ni nani mwingine anayemsaidia, na fedha zipitie akaunti ipi. Swali la tatu watu huliona la kukosa heshima. Liulizeni tu. Mtumishi mmoja anaweza kuwa anasaidiwa na makanisa matatu yasiyojuana, huku jirani yake hana hata nauli.

Mkipewa eneo, ombeni jina la komini (sehemu ya mkoa) na la kilima (eneo dogo ndani ya komini), si la mkoa peke yake. Tangu 2025 Burundi ina mikoa mitano badala ya 18 ya zamani: Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega. Mji wa Rumonge, Makamba na Nyanza-Lac, yaani majirani zetu wa ziwani na wa mpakani, sasa viko Burunga. Ramani za zamani na barua nyingi bado zina majina ya awali, ndiyo maana mtu anaweza kuombea "Makamba" mwaka mzima bila kujua kama anamaanisha mji, komini au mkoa ambao haupo tena.

Njia hii ya Kigoma kwenda Burundi si ngeni. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878, na Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita White Fathers, wakafika 1879 na kuvuka hadi Rumonge mwaka huohuo. Mwaka 1881 wamisionari watatu wa Rumonge waliuawa na kituo kikafungwa. Wale wa London walikuwa wameanza safari pwani na magari ya kukokotwa na ng'ombe, mpango uliopendeza sana kwenye karatasi. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe njiani, mizigo ikaishia vichwani mwa wapagazi. Kila kikundi kinachotaka kununulia mtu wa mbali kifaa ambacho hakukiomba kiwakumbuke ng'ombe hao.

Watu wa kuendesha kikundi

Watano wanatosha: mwenyekiti, katibu, mhazini, mratibu wa maombi, na mtu mmoja anayejua Kirundi vizuri. Huyu wa mwisho Kigoma hakosekani. Muha wa Buhigwe au Kasulu huelewana na Mrundi wa Makamba bila mkalimani, na sharika nyingi zina watu wenye ndugu ng'ambo, au waliokulia Ulyankulu kule Tabora, au Katumba na Mishamo, makazi ya waliokimbia mwaka 1972 ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Lakini msimtangaze mtu madhabahuni kuwa "huyu ndugu yetu asili yake Burundi" kabla ya kumwuliza pembeni. Kigoma tunajua jinsi neno Mrundi linavyotumika sokoni watu wakigombana. Anaweza kuwa anajua mengi na asitake yajulikane.

Kikundi kifanye kazi ndani ya usajili wa kanisa. Msijipe jina, mhuri na akaunti yenu kama chama kinachojitegemea, kwa sababu hapo mnaingia kwenye Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na mtatakiwa kujisajili kwa Msajili wa Jumuiya. Kaeni kama idara ya usharika chini ya baraza la wazee, na taarifa yenu isomwe pamoja na za idara nyingine.

Habari za maombi: hapa ndipo kazi ilipo

Vikundi vya maombi havifi kwa kukosa imani. Vinakufa kwa kukosa habari. Mkikaa wiki nne mkisema "Bwana, ikumbuke Burundi", wiki ya tano watakuja watatu, na wale watatu wataombea wagonjwa wa usharika, jambo jema lakini silo lililowakutanisha.

Mratibu wa maombi apige simu kwa mtumishi mara moja kwa wiki, siku ileile, kwa dakika kumi. Asiulize "habari za huko?" kwa maana atajibiwa "tunamshukuru Mungu". Aulize: Wiki hii ulikwenda wapi? Ulikutana na nani? Nini kilishindikana? Wiki ijayo una nini? Nyumbani hali ikoje? Ya mwisho ni muhimu kwa sababu watumishi wengi hawasemi mtoto anaumwa mpaka waulizwe moja kwa moja.

Halafu kuna suala la saa. Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Saa tatu usiku ya Kigoma ni saa mbili usiku ya Nyanza-Lac, ingawa mtu wa Kagunga anaona taa zao. Mkikubaliana kuomba pamoja kwa simu "saa tatu", semeni saa tatu ya nani. Mrundi aliyezoea Kifaransa anaweza pia kuandika 20h00, yaani hiyohiyo saa mbili usiku yake, saa tatu yetu. Andikeni zote mbili kwenye ujumbe.

Kutokana na simu hiyo mratibu anaandika karatasi ya nusu ukurasa. Tofauti kati ya ombi linaloombeka na lisiloombeka ni hii. Lisiloombeka: "Tuombee huduma ya mwinjilisti wetu, Mungu ampe nguvu na kumfungulia milango." Linaloombeka: "Jumatano mwinjilisti anarudi kilima kilekile alikokataliwa mwezi jana kwa sababu mwenye uwanja alidhani anataka kununua ardhi. Atakwenda na mzee wa mtaa. Tuombe mwenye uwanja amsikilize, na mvua isimzuie, maana daraja la miti hufunikwa na maji. Tutajua Alhamisi." Maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayowarudisha watu wiki inayofuata. Na Alhamisi ikija, semeni kilichotokea, hata kama alikataliwa tena. Kikundi kinachosikia majibu mazuri tu hujifunza haraka kutoamini taarifa.

Karatasi iwe na maombi matatu, yasizidi manne: moja la kazi, moja la nyumba ya mtumishi, moja la nchi. La nchi lifuate kalenda. Mvua kubwa za Machi hadi Mei hufurisha mto Rusizi na kuwatoa watu wa Gatumba majumbani, na malaria hufuata maji. Septemba shule hufunguliwa, ada na madaftari humsumbua kila mzazi. Tarehe 1 Julai ni siku ya Uhuru, tangu 1962. Agosti ni kumbukumbu ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, uliofanya kazi kubwa ya kuzima vita vilivyoanza 1993. Na uhaba wa mafuta ya petroli, ambao miaka ya karibuni umekuwa wa mara kwa mara, unagusa bei ya kila kitu, kuanzia nauli hadi sabuni.

Sasa yasiyotakiwa kuandikwa. Jina la mtu aliyeokoka juzi, hasa kama familia yake haijajua, lisiwepo. Mahali kamili mtumishi atakapolala lisiwepo. Maneno juu ya vyama, wanajeshi na viongozi yasiwepo: waombeeni wenye mamlaka kama 1 Timotheo 2:1-2 inavyotuagiza, bila kuwahukumu kwa majina. Na kabila: usimwulize mtumishi yeye ni nani, wala usiandike kwamba kilima fulani ni cha Wahutu au Watutsi. Damu ya 1972 na ya 1993 bado iko karibu, na karatasi yenu itasafiri. Kundi la WhatsApp la watu themanini halina siri. Andikeni kila neno kana kwamba chifu wa kilima na mama mkwe wa mtumishi wote watalisoma. Waliopo wasiokuwa na simu janja wachapiwe karatasi au wasomewe kwenye jumuiya za nyumba kwa nyumba.

Saa moja ya maombi

Saa moja inatosha, mara moja kwa wiki. Mkesha uwe mara moja kwa robo mwaka, na uwe na sababu.

Dakika tano za kwanza ni wimbo mmoja na andiko fupi. Matendo 13:1-3, Warumi 15:30-32, Wakolosai 4:2-4 na Zaburi 67 zitawatosha miezi mingi. Andiko lisomwe, lisihubiriwe. Kama kuna jambo linaloua saa ya maombi kuliko lingine ni mtu aliyeombwa asome mistari mitatu akaitolea mahubiri ya dakika ishirini na tano. Kisha dakika kumi za habari, karatasi ikisomwa na ramani ikiwa ukutani. Ramani ya kuchora kwa mkono inafaa kabisa, iwe na ziwa, mpaka, barabara na vilima vinavyotajwa.

Dakika thelathini zinazofuata gawanyikeni wanne wanne. Kwenye kundi la watu ishirini wanaomba watano walewale wenye sauti, na mabinti na wazee hukaa kimya mwaka mzima. Wakiwa wanne kila mmoja ataomba. Kila kundi lipewe ombi moja tu la kuanza nalo. Dakika tano zinazofuata ni simu: mtumishi awekwe kwenye spika, asalimie, muombe naye. Mtandao ukikatika msihangaike nao, endeleeni. Mwisho sadaka ya misioni, baraka, watu wakalale.

Mtu akiota ndoto au kupata neno juu ya taifa la Burundi, alipeleke kwa mchungaji kwanza, lisisemwe palepale. Katika makanisa yetu hili ni gumu kulisema lakini ni lazima lisemwe, kwa kuwa neno la "vita vinakuja" likirekodiwa kwa simu huvuka mpaka kabla ya amina.

Fedha: ahadi, bahasha na giza la ziwa

Msipange bajeti kwa jumla ya ahadi. Chukua mfano: watu 40 wameahidi Sh5,000 kila mmoja kwa mwezi. Kwenye karatasi ni Sh200,000. Pangeni kwa asilimia 70, yaani Sh140,000, kwa sababu kuna msiba, kuna ada, kuna waliohamia Uvinza. Kati ya hizo Sh110,000 zitumwe, Sh10,000 ziwe za gharama za kutuma na simu, na Sh20,000 ziwe akiba. Baada ya miezi sita akiba imefika Sh120,000, mna mwezi mmoja mkononi, na mwezi makusanyo yatakapoyumba mtumishi hatajua. Zikizidi, ongezeni akiba hadi miezi mitatu kabla ya kuongeza kiasi mnachotuma. Kupandisha ni rahisi. Kumwambia mtu tumeshusha ni kumvunja.

Kosa la kawaida ni kutaka kila mtu atoe tarehe moja. Mwalimu na muuguzi wana mshahara mwisho wa mwezi, sawa. Mvuvi wa Kibirizi hapati hivyo. Dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika na mfuko pia. Mfuateni mwishoni mwa giza, siyo wakati wa mbalamwezi. Na pale ziwa linapofungwa, kama mwaka 2024 lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ahadi za wavuvi zisimame bila lawama na msizihesabu kama deni. Mkulima wa kahawa wa Kalinzi hulipwa kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mara nyingi kwa awamu. Huyo aahidi kwa mwaka, atoe malipo yakitoka. Anayeuza migebuka au ndizi mwaloni apewe kibubu, aweke mia tano kwa siku.

Sadaka ya mazao ipokelewe, lakini ipimwe kwa mizani. Debe la kichwa na debe lililofutwa kwa fimbo si kitu kimoja, na mtu aliyetoa la kichwa atakumbuka. Maharage yauzwe ndani ya wiki mbili au yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo wadudu watayatoboa na sadaka itakuwa chakula cha kuku. Dagaa walioanikwa mchangani hawapati bei. Waliokaushwa juu ya chanja wanapata. Yote yauzwe hapahapa, itumwe fedha. Kuvusha magunia Manyovu ni kibali, ni cheti cha afya ya mimea, ni kupakua na kupakia, na upande wa pili maharage hayo yapo. Hata mitumba ni hivyohivyo.

Fedha zihesabiwe na watu wawili wasio ndugu, mbele ya meza, zikaandikwe kwenye daftari kabla hazijatoka kanisani. Kila atoaye apate risiti ya kitabu chenye nakala ya kaboni. Akaunti iwe ya usharika, watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa. Simu ya mhazini isiwe benki ya misioni, kwa sababu siku simu inapoibiwa au laini inapofungwa mtaanza kuulizana maswali yasiyo na jibu. Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorintho 8:18-21, hakutaka kubeba mchango peke yake mtu asije akamlaumu. Hakuna mhazini wa Kigoma aliye mtakatifu kuliko Paulo.

Kutuma, na tatizo la faranga

Njia bora ni benki kwa benki, akaunti ya kanisa kwa akaunti ya kanisa, hata kama ni ya polepole. Kwa kiasi kidogo, ulizeni benki na mawakala wa kutuma fedha nje mambo mawili kwa pamoja: makato yote ni kiasi gani, na mpokeaji atatia mkononi faranga ngapi. Anayekujibu la kwanza tu hajakujibu. Mara nyingine kutuma kwa robo mwaka badala ya kila mwezi hupunguza makato sana, nalo kanisa la huko linamgawia mtumishi kila mwezi. Hilo linafaa kama mwenzenu wa huko mnamfahamu vizuri kuwa ni mwaminifu.

Kuna jambo lazima mlieleze kwa wanakikundi mapema. Burundi kiwango rasmi cha kubadilisha fedha na kile cha barabarani vimekuwa mbali sana kwa miaka kadhaa. Muumini wenu mwenye kufanya biashara Mugina, ng'ambo ya mpaka, atapiga hesabu kwa kiwango cha barabarani, ataona faranga zilizopokelewa ni chache mno, na atahitimisha kwamba kuna mtu kala. Hakuna aliyekula. Msikimbilie na ninyi kwa wabadilishaji wa mpakani ili zipatikane nyingi: ni kinyume cha sheria, na atakayekamatwa ni mtumishi, siyo ninyi. Daftari la kutuma liwe na safu hizi: tarehe, shilingi zilizotumwa, makato, namba ya muamala, faranga zilizopokelewa, tarehe ya kupokea, na nani kathibitisha. Uthibitisho uje kutoka kwa watu wawili, mtumishi na ofisi ya kanisa lake, kila mmoja kwa njia yake.

Vipi kuhusu vifaa? Pikipiki ndiyo huombwa sana, na ndiyo inayokaa chini ya mwembe bila petroli. Pale mafuta yanapokosekana kwa wiki nzima, baiskeli nzuri pamoja na nauli ya kila mwezi inampeleka mtu mbali zaidi. Inunuliwe hukohuko, aina ambayo fundi wa kilimani anayo spea yake, na iandikwe wazi kama ni ya mtumishi au ya kanisa. Biblia za Kirundi pia ziagizwe ndani ya Burundi. Kiswahili kinasikika vizuri Bujumbura na kando ya ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac. Ukipanda milimani bibi wa kilima anataka Kirundi, na Biblia ya Kiswahili aliyopewa itakaa kabatini.

Ripoti

Robo mwaka kwa robo mwaka mtumishi aandike ukurasa mmoja, au atume sauti ya dakika tano kama kuandika kunamchosha. Msimdai idadi ya waliookoka. Ukimlipa mtu huku unauliza hesabu, utapata hesabu. Ulizeni vilima alivyotembelea, watu anaowafundisha kwa kudumu, nani ameanza kushika kazi bila yeye, na fedha zilitumikaje. Picha ziwe chache, na za watoto zisitumwe bila wazazi kuridhia. Picha ya mtoto mwenye kamasi na nguo zilizochanika huleta sadaka wiki moja na aibu miaka kumi, hasa ikionwa na shangazi yake aliye Kasulu. Hata wakimbizi mnaotaka kuwatembelea upande huu wa mpaka wana heshima hiyohiyo, na kuingia kambini, Nyarugusu kwa mfano, kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani kabla hamjakodi gari.

Ziara

Mara moja kwa mwaka, watu wawili au watatu. Si kwaya nzima. Kwaya ya watu thelathini ni mbuzi wawili, magodoro thelathini na deni la mwenyeji mpaka mavuno. Awepo mwanamke mmoja angalau, kwa sababu mke wa mtumishi hatawaambia wanaume wawili yaliyo moyoni mwake.

Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakivushi hapa. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na sindano ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya safari, la sivyo cheti hakijaanza kufanya kazi. Beba barua mbili: ya kanisa lenu inayowatambulisha na ya mwaliko kutoka kwao, yenye simu ya mwenyeji. Kutoka Mwandiga hadi Manyovu ni lami, kama kilomita 60, kisha mnavuka kuingia Mugina. Mkienda na gari lenu, dereva ajue kwamba Burundi wanaendesha upande wa kulia. Barabara za kona mlimani asubuhi ya kwanza ni hatari kwa aliyezoea kushoto, basi ni bora kukodi dereva wa huko. Wanaopenda kupita ziwani na boti za Kibirizi waondoke alfajiri na kila mtu avae boya lake; miezi ya kiangazi kusi huvuma na ziwa hubadilika mchana.

Mkiwa kule, kwanza nendeni ofisi ya kanisa, halafu kwa mtumishi. Fedha ya chakula chenu mpeni mama wa nyumba mkononi siku ya kwanza, kabla hajakopa. Msitoe ahadi yoyote mbele ya watu, hata ya bati moja. Semeni "tutawapelekea wazee wetu". Kaeni siku mbili za kazi za kawaida, mwende naye vilimani kwa miguu. Jumapili ya mapokezi haitawaonyesha mnachotaka kujua.

Muda na kuondoka

Tangu barua ya kwanza, wekeni muda: miaka mitatu, ikitazamwa upya mwanzoni mwa mwaka wa tatu. Kama makusanyo yameshuka kabisa, toeni taarifa ya miezi sita, mkipunguza kwa hatua: miwili ya kwanza kiasi chote, miwili nusu, miwili robo. Hiyo ni sawa na miezi mitatu na nusu, kwa hiyo akiba ile ya miezi mitatu pamoja na makusanyo kidogo yanayobaki ndiyo inayowezesha hilo bila kukopa. Kama mtumishi amehamishwa na kanisa lake, ulizeni kwanza kama mnashika mtu au mnashika kilima, na jibu la swali hilo liwe kwenye barua ya mwanzo, kwa sababu siku ya kuhamishwa kila mmoja atakuwa na jibu lake. Mkishamaliza kutuma fedha, simu ya kila wiki iendelee angalau mwaka mmoja mwingine. Vocha ya simu ni Sh2,000.